Tipu ngumu au laini kwa fimbo ya pool, na hii hewa yetu ya Mombasa?

Baharia_Mikindani

Salaam wakuu. Sasa nna fimbo yangu mwenyewe, ya vipande viwili, nimeinunua kwa jamaa aliyekuwa akihamia Nairobi, mti wake msafi nimeubingirisha mezani haukuruka hata kidogo. Tabu ni tipu yake, ile ngozi ya nchani inayogusa mpira. Ngumu ajabu, juu yang'ara, ukiigonga kwa ukucha yalia tak tak. Nikipiga katikati nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, yaenda vizuri tena kwa nguvu, lakini nikitaka kuirudisha nyuma ama kuipa mzunguko wa pembeni mara yateleza, yatoa ule mlio mbaya wa ngozi kukwaruza na nyeupe yaenda itakako.

Hapa mtaani kila mtu ana lake. Mmoja aniambia weka laini ndio yenye spini, yaani huo mzunguko, mwengine asema laini ni kutupa pesa, hata mwezi haufiki ishatanuka pembeni kama uyoga. Mimi nacheza sanasana meza ndogo hizi za kutia shilingi ishirini, na nikipata nafasi nacheza meza kubwa ya futi 9. Tuna mashindano ya mtaa baada ya Idi, mtoano, ukipigwa wenda nyumbani, kwa hivo nataka nibadilishe mapema nizoee. Niweke ngumu, laini ama ile ya kati? Na huu unyevu wetu wa pwani waathiri kitu? Natanguliza shukran.

Mtoto_wa_Bombolulu

Laini bwana, tena usizungushwe na watu. Mimi natumia Elk Master, zile za buluu ndani, na siwezi kurudi kwa ngumu hata nipewe bure. Ukipiga waisikia nyeupe mkononi, waijua imeshikwa vipi, na ule mlio wake ni wa chini wala haukeri masikio. Chaki yashika vizuri, napaka nacheza mipigo miwili mitatu bila wasiwasi. Kwa meza hizi ndogo huhitaji nguvu nyingi, wahitaji kuipeleka nyeupe pale unapotaka ikae, na laini ndio yakupa hiyo. Uyoga ni kweli itatoka lakini si ugonjwa huo, ni wembe mkali na msasa dakika tano maisha yaendelea. Wachezaji wa snuka wa Uingereza wametumia Elk Master miaka na miaka, ingekuwa mbovu wangeshaitupa.

FundiFimbo_MwembeTayari

Waleikum salaam Baharia. Mimi kazi yangu ni hii ya kubadilisha tipu na kunyoosha nyoosha fimbo za watu, kwa hivo nitakueleza nnayoyaona mezani kwangu kila siku.

Kwanza kabla hujaitoa hiyo ulonayo, iangalie. Umesema yang'ara juu. Hapo ndipo tabu yako ilipo wala si ugumu wake. Tipu ngumu ikipigwa muda mrefu bila kukwaruzwa, uso wake hujibana ukawa kama umepigwa rangi ya kung'aa, chaki ikipakwa haipati pa kuingia, yakaa juu juu tu, mpigo wa kwanza yaruka yote. Chukua msasa namba 120 hivi, ama tupa ndogo, uiguse guse juu mpaka ule mng'aro uondoke na uone ngozi imeamka, ina vinyweleo vidogo. Usisugue ukamaliza ngozi, ni kuichokoza tu. Kisha angalia umbo lake. Ikiwa juu ni bapa, hata uipake gunia la chaki itateleza ukipiga pembeni, kwa sababu ukingo ndio unaogusa mpira badala ya uso. Yatakiwa iwe na mviringo. Wamarekani hupima kwa sarafu zao, kuna wanaotaka mviringo wa sarafu ya nikeli ambayo ina upana wa milimita 21.21, na wanaotaka wa daimu ambayo ni 17.91, yaani ya pili imechongoka zaidi. Kwa fimbo ya kichwa chembamba cha milimita 9 au 10 kama hizi za mtindo wa Kiingereza, mviringo wa daimu wakaa vizuri sana. Mimi nina kibati nimekikata kwa kipimo hicho, nakiweka juu ya tipu naangalia mwanga unapita wapi.

Sasa ngumu ama laini. Laini hukaa na chaki vizuri na husamehe kidogo, lakini hubonyea, hutanuka, na umbo lake labadilika kila wiki kwa hivo na mkono wako wabadilika nayo bila kujua. Ngumu hukaa na umbo lake muda mrefu, mpira waondoka kwa kasi, ila yataka uichokoze mara kwa mara na upake chaki kila mpigo, narudia kila mpigo. Ya kati ndio watu wengi wanaorudi kwangu huishia nayo.

Na usiamini sana yaloandikwa kwenye pakiti. Hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zakifuata, laini ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kushinda ya kati ya kampuni nyengine. Bonyeza kwa ukucha, igonge mezani usikie, utajua.

Hizi Elk Master anazozisema Bombolulu ni nzuri lakini ndani ya boksi moja hazifanani, boksi huwa na 50, nikizimwaga mezani naziokota moja moja, zengine ngumu zengine kama mkate mbichi. Mimi huzichagua kisha naziminya kwenye jiliwa usiku kucha, kidogo kidogo, zikitoka zimebana na hazitanuki sana. Wamarekani wengine huziloweka kwa maziwa kwanza, wakaziminya, wakaziacha zikauke, zatoka ngumu kabisa. Mimi hapa situmii maziwa, kwa joto letu sitaki harufu dukani.

DadaMtwapa_8

Fundi ameongea. Mimi naongezea upande wa hewa kwa sababu nacheza sehemu iko wazi, upepo wa bahari waingia moja kwa moja, na hilo swali lake la unyevu naona watu walipita tu.

Ngozi yanywa maji. Miezi ya mvua kuu, kuanzia Machi mwisho mpaka Mei, tipu yangu laini niliyokuwa nayo ilikuwa kama imekuwa nyengine, yabonyea zaidi na mpira waondoka kivivu. Na si tipu pekee, kitambaa cha meza nacho chavuta unyevu, mpira waenda polepole, na chaki yenyewe yawa kama udongo, ukiipaka yashika kwa mabonge sehemu moja na sehemu nyengine patupu. Kwa hivo yule anayetumia laini msimu wa mvua anapata polepole juu ya polepole, analazimika kupiga kwa nguvu, na ukipiga kwa nguvu mkono watetereka. Mimi nikahamia ya kati ya matabaka, ile imebandikwa leya juu ya leya, na kwa kweli tangu hapo haijanisumbua, kusi ikivuma kaskazi ikivuma ni ile ile.

Kitu chengine, fimbo iweke kwenye mfuko wake na utie vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Chaki yako pia itie kwenye kikopo chenye kifuniko. Na tafadhali usiiache fimbo ndani ya gari mchana, jua la huku lapinda mti na gluu ya tipu yaachia, tena usiiegemeze ukutani usiku kucha.

Na kwa nyinyi mnaocheza na fimbo za meza, zile zimefungwa tipu za kuskrubu ama za kuchomeka, msijisumbue na ngumu wala laini. Chagueni fimbo ambayo tipu haichezi, iguseni kwa kidole, ikizunguka hata kidogo iacheni.

Mtoto_wa_Bombolulu

@FundiFimbo sawa nakubali hazifanani boksini. Lakini spini je? Mimi nikitumia laini nairudisha nyeupe kutoka upande mmoja wa meza mpaka mwengine, nikishika ngumu ya rafiki yangu hairudi hivo. Hilo ni jambo naliona kwa macho yangu.

Mwalimu_Changamwe

Habari zenu. Nasomesha fizikia na pool naipenda sana, niruhusuni niingie hapo kwenye spini maana ndipo panapopotosha watu wengi wanapochagua tipu.

Tipu na nyeupe zagusana kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, laini sana yaweza kufika kama mbili. Yaani kabla mkono wako haujapata habari kwamba umepiga, mpira ushaondoka. Kwa hivo ile dhana kwamba laini "inaushika" mpira na kuuzungusha kwa muda, huo muda haupo. Kinachotoa mzunguko ni umbali wa pale unapogusa kutoka katikati ya mpira. Ukigusa mbali zaidi na katikati, mzunguko wawa mwingi kulinganisha na mwendo. Ukigusa pale pale kwa tipu ngumu na kwa tipu laini, uwiano wa mzunguko na mwendo ni karibu ule ule. Profesa Dave Alciatore aliyesomesha Colorado State University kule Marekani amelichunguza jambo hili kwa kamera za kasi na hesabu, na jibu lake ni hilo.

Tofauti iliyopo ni ya nguvu. Laini hubonyea, na katika kubonyea yala sehemu ya nguvu ya mkono wako. Ngumu yapitisha nguvu zaidi kwa nyeupe. Sasa fikiria mpigo wa kurudisha kutoka mbali: nyeupe yasafiri juu ya kitambaa huku yazunguka kinyumenyume, na kitambaa chaula ule mzunguko njiani. Ikienda polepole yachukua muda mrefu njiani, ikifika mzunguko umekwisha. Kwa mkono ule ule, ngumu ndiyo itakayofika na mzunguko mwingi. Bombolulu, unayoyaona ni ya kweli, ila sababu yake naona iko kwengine: tipu yako ina umbo zuri na chaki imeshika, kwa hivo una ujasiri wa kupiga chini kabisa, na ile ya rafiki yako bila shaka yang'ara kama ya Baharia, ukaipiga ukiwa na hofu karibu na katikati.

Kuna mpaka lakini. Ukitoka katikati ya mpira kwa karibu nusu ya nusu-kipenyo, zaidi ya hapo yateleza, iwe ngumu iwe laini. Mpira wa meza kubwa una kipenyo cha milimita 57.15, kwa hivo mpaka wako ni kama milimita 14 kutoka katikati. Mipira midogo ya inchi mbili, yaani 50.8, mpaka ni kama 12.7 tu. Na kwenye meza nyingi za sarafu za mtindo wa Kiingereza nyeupe ni ndogo zaidi, 47.6, imefanywa hivo ili ikiingia shimoni meza iitofautishe na zengine na kuirudisha. Hapo mpaka washuka hata milimita 12 haufiki. Ndio maana mtu akitoka meza kubwa akija ndogo ateleza wiki ya kwanza na akalaumu tipu. Na kwa sababu nyeupe hiyo ni nyepesi kuliko mpira anaoupiga, yarudi nyuma kwa urahisi, huhitaji kwenda chini sana.

Fanya hivi ukiwa peke yako mezani. Chukua mpira wenye mstari mpana uutumie badala ya nyeupe. Uweke mstari ulale sawa na meza, paka chaki, piga pale unapodhani ni chini kabisa, kisha uokote uangalie alama ya chaki. Ukingo wa ule mstari uko karibu na huo mpaka niliousema. Alama ikiwa ndani ya mstari bado una nafasi, ikiwa juu ya ukingo umefika, ikitoka nje ya mstari wenyewe utausikia. Mtu ajua kwa macho yake agusa wapi, na mara nyingi sipo alipodhani. Jaribu kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa tipu mpya.

Mtoto_wa_Bombolulu

Mwalimu hili la mstari nimelipenda, leo usiku nalijaribu na tipu zote mbili. Lakini hata ikiwa spini ni moja, mimi mguso wa laini ndio nnaousikia vizuri, ngumu yanipa kishindo mkononi sijui nimepiga polepole ama kwa nguvu kiasi gani.

Mwalimu_Changamwe

Na hiyo ni sababu ya haki kabisa ya kuchagua laini. Mguso na mlio ndivyo vinavyomwambia mchezaji alivyopiga, na mkono ulioamini fimbo yake hupiga sawasawa. Nnachokataa ni mtu kuambiwa alipe zaidi kwa sababu ya spini.

Naongeza moja kuhusu chaki maana ndiyo inayofanya kazi wanayosifiwa tipu. Kabla ya Mfaransa François Mingaud kuleta ngozi kwenye ncha ya fimbo, mwanzoni mwa miaka ya 1800, watu walipiga kwa mti mtupu na karibu lazima wapige katikati. Na hii chaki ya mchemraba tunayoitumia si chaki ya ubaoni, ilisajiliwa Marekani mwaka 1897 na William Spinks na William Hoskins, ina chembe ngumu za mchanga wa silika na kadhalika zinazouma mpira. Sasa nenda baa yoyote utazame chaki, imetobolewa katikati shimo la kutia kidole, mtu aisokota fimbo ndani kama atoboa. Hapo chaki yashika pembeni na kwenye pete iliyo chini ya tipu, juu pale panapogusa mpira hapana kitu. Pakeni kwa kufuta, mkivuta juu ya uso wa tipu huku mwaizungusha fimbo polepole, kisha tazameni kama pote pamefunikwa.

Shaibu_wa_Majengo

Naingia kwa swali la pembeni kidogo na naomba fundi anijibu kwa uhakika. Nasikia hizi tipu za matabaka nyingi ni ngozi ya nguruwe. Ni kweli? Kuna vijana wetu wanauliza na hakuna anayewajibu.

FundiFimbo_MwembeTayari

Kweli mzee wangu. Zile za Japani zenye jina, Kamui na Moori, ni ngozi ya nguruwe, na kuna nyengine nyingi za matabaka za namna hiyo kwa sababu ngozi ile ni nyembamba na yabandikika vizuri. Lakini zipo za ng'ombe na za nyati, za kipande kimoja na za matabaka pia. Mimi mteja akija namuuliza kabla sijafungua pakiti, na kama pakiti haisemi ni ngozi gani simwekei mpaka nijue. Hilo si jambo la kubahatisha na mtu. Wale ambao washaweka na wana swali la twahara wamuulize maalim wao, mimi naweza kusema ni ngozi gani na kuibadilisha, zaidi ya hapo si kazi yangu.

Shaibu_wa_Majengo

Jazakallahu kheir. Nitawaleta kwako kijana mmoja mmoja.

Baharia_Mikindani

Nimerudi. Shukran sana kwa wote, sikutarajia mtanijibu kwa kirefu hivi. Nimeipitisha msasa jana jioni kama alivyosema fundi, kwa kweli mng'aro ulikuwa mkavu kabisa, unga uliotoka mwanzo ulikuwa mweusi kisha ukaja wa kahawia. Nikapaka chaki kwa kufuta, nikajaribu ule mpira wa mstari. Imeshika! Alama yakaa kwenye ukingo wa mstari na haitelezi, tipu ile ile niliyokuwa nataka kuing'oa.

Sasa jambo la pili, baada ya msasa nimeona ngozi iliyobaki ni fupi, juu ya ile pete nyeupe kumebaki kama milimita mbili. Yafaa niendelee nayo ama? Na je kwenye kuvunja mipira mwanzo wa gemu, mimi napenda kuvunja kwa nguvu sana, tipu ya kati itastahimili?

FundiFimbo_MwembeTayari

Milimita mbili badilisha kaka. Ngozi ikiwa fupi hivo pigo lote laenda kwenye pete, na pete ikipasuka gharama yake si ya tipu tena, ni kerezo. Na umbo la mviringo nalo halikai, utafika kwenye gluu.

Kuvunja: ukiweza pata fimbo nyengine hata ya bei rahisi iwe ya kuvunjia tu, na hiyo ndio uiwekee ngumu kabisa. Kuna hata zile tipu za fenoliki, si ngozi ile, ni kama plastiki ngumu, nyeupe yaondoka kwa kasi kubwa, lakini hazishiki chaki kwa hivo ni za kupiga katikati tu, na si kila mashindano yanaziruhusu, uliza waandaaji kwanza. Kama ni fimbo moja kwa kila kitu, kaa na ya kati, upunguze nguvu kidogo upige mpira wa mbele uso kwa uso. Mipira yafunguka kwa kupigwa sawasawa zaidi kuliko kwa kupigwa kwa hasira.

DadaMtwapa_8

Hapo kwa kuvunja namuunga mkono fundi. Hawa wanaovunja kwa nguvu zote nyeupe yaruka mezani, faulo, na mwenzake ashaingia mchezoni. Mimi naivunja kwa nguvu kiasi na nyeupe yakaa katikati ya meza.

Fundi naomba utueleze na kubandika, maana kuna watu huku wabandika wenyewe na supagluu tipu yatoka katikati ya gemu.

FundiFimbo_MwembeTayari

Yatoka kwa sababu hawasafishi. Gluu ya zamani yote iondolewe mpaka uone pete tupu na mti mtupu, kwa wembe uliolazwa na kisha msasa uliowekwa juu ya kitu bapa, fimbo isimame wima, usisugue kwa mkono hewani maana kichwa chatoka mshazari. Upande wa chini wa tipu nao upitishe msasa mpaka uwe bapa, ukiuweka juu ya kioo usicheze. Futa kwa spiriti, acha ikauke. Supagluu tumia ile nzito ya jeli, tone moja dogo, ile ya maji yanyonywa na ngozi ikafanya tipu kuwa ngumu kama jiwe chini bila wewe kutaka. Na ujue supagluu hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, kwa hivo huku kwetu yashika upesi kuliko wanavyosema kwenye video za ulaya, huna muda wa kuhangaika, weka katikati, bonyeza, basi. Hata hivo mimi siipigi mpira siku hiyo, naiacha mpaka kesho yake.

Kisha kukata pembeni. Simamisha fimbo kichwa chini, tipu igandamize kwenye ubao, wembe mpya ushuke sambamba na pete, ukate kidogo kidogo ukizungusha. Mwisho ukingo wa ngozi ulambe kwa maji kidogo na uusugue kwa karatasi ngumu ama kipande cha ngozi mpaka ung'are. Hapo pembeni ndipo pa kung'aa, si juu. Ukingo uliong'aa hautanuki upesi.

Mtoto_wa_Bombolulu

Nimejaribu mstari na mimi. Laini yangu na ngumu ya rafiki yangu baada ya kuichokoza kwa msasa, alama ikiwa pale pale nyeupe zarudi karibu sawa, na ya ngumu ilirudi mbali kidogo. Mwalimu sina ubishi. Mimi nabaki na laini yangu kwa sababu ya mguso, lakini sitamwambia mtu tena aiweke kwa ajili ya spini.

Mwalimu_Changamwe

Ahsante kwa kujaribu, hivo ndivo yatakiwa.

Baharia_Mikindani

Nimeamua basi. Ya kati, ngozi ya ng'ombe, kipande kimoja, umbo la daimu kama alivyosema fundi maana fimbo yangu ni ya kichwa cha milimita 10. Fundi nakuja Jumamosi asubuhi inshaallah, utakuwepo? Na nije na nini?

FundiFimbo_MwembeTayari

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na kipande cha juu pekee, cha chini kiache nyumbani, na chaki yako unayoitumia uje nayo. Usiing'oe tipu mwenyewe wala usiikate, niachie niitazame ilivyo. Ukiwahi mapema utaichukua Jumapili mchana na gluu ishakauka vizuri.